Khanga moja inatosha kuokoa kiuno safarini

Wanaopanda basi Mbezi, Dar es Salaam, alfajiri kwenda Mbeya, zile kilomita zaidi ya 800, chukueni khanga moja mkononi, msiifungie kwenye begi la buti. Ikunje, iviringe iwe nene kama mkono, iweke pale kiuno kinapobonyea, juu kidogo ya mkanda. Viti vingi vina shimo hapo, ndiyo maana ukifika Iringa unashuka umepinda kama ndoano. Ikishuka, ipandishe.

Wanaume, toeni pochi mfuko wa nyuma. Kuikalia kutwa nzima kunapindisha nyonga.

Tiketi ukate mapema upate kiti cha katikati. Juu ya matairi ya nyuma kila tuta ni lako. Basi likisimama Msamvu, stendi ya Morogoro, shuka hata kama huna njaa. Tembea, jinyooshe, chipsi baadaye. Na begi zito usilinyanyue huku umejipinda: kunja magoti, lisogeze karibu na kifua.

Mgongo ukiuma, endelea kutembea taratibu, usilale siku nzima. Ila ukihisi ganzi sehemu za siri, mkojo unagoma au mguu unakosa nguvu, nenda hospitali siku hiyohiyo.