Besi isipotelee kwenye simu

Wapiga besi wenzangu mnaorekodi nyumbani, kabla hamjaongeza uzito wa chini, sikilizeni kwanza kazi yenu kwenye simu. Uzi mnene wa E ukipigwa wazi hutetema kwa hezi 41 hivi, yaani mara 41 kwa sekunde, na kispika cha simu hakiwezi kabisa kuutoa mtetemo huo. Msikilizaji huitambua besi kwa sauti zake nyembamba zaidi, zinazotetema kwa kasi kubwa. Kwa hiyo, kwenye ikwalaiza (kirekebisha sauti), pandisheni kidogo tu ukubwa wa sauti, desibeli 2 au 3, kati ya hezi 700 na 1,000. Chini ya hezi 30 kateni. Huko kuna mngurumo unaokula nafasi bure. Na tafadhali, fanyeni hivyo ngoma na magitaa mengine yakiwa yanalia, maana besi ikisikilizwa peke yake hudanganya sana.