Kuimba bluzi zako mwenyewe ukiwa Dodoma, na kulipwa

Haipiti wiki bila kijana kuingia kibandani kwangu Majengo, akazungukazunguka vitambaa bila kuvigusa, kisha akauliza: "Dada, zile nyimbo unaziimbaje mpaka unalipwa?" Mchana mimi ni fundi cherehani. Ijumaa na Jumamosi usiku naimba bluzi na souli nilizotunga mwenyewe, kwa Kiswahili na kidogo kwa Kigogo, lugha ya Wagogo wa hapa Dodoma. Sina meneja, sina lebo, na huu ni mwaka wa kumi na moja. Dukani mteja akiingia maelezo yanakatika, kwa hiyo nayaandika hapa yote.

Usikimbilie studio. Tunga kwanza nyimbo sita ambazo unaweza kuziimba umekaa kwenye kigoda, na gitaa moja, umeme umekatika. Umbo la bluzi si gumu kulijua: ni vipimo 12, kila kipimo mapigo manne. Ukipiga katika A, unakaa kwenye kodi ya A vipimo vinne, unakwenda D viwili, unarudi A viwili, halafu E kimoja, D kimoja, unamalizia A viwili. Mstari wa kwanza unaimbwa mara mbili, wa tatu unajibu. Watu weusi wa kusini mwa Marekani ndio walioujenga muziki huu, wakasafiri nao hadi Chicago walipokwenda kutafuta kazi za viwandani. Jifunze kwao kwa heshima, lakini lafudhi yao waachie wenyewe. Wewe leta habari ya kwenu. Ubeti wangu mmoja huu hapa:

Mvua umeshuka Kondoa, kwangu hujafika,
Mvua umeshuka Kondoa, kwangu hujafika,
Uwele umenyauka shambani, na moyo umenyauka.

Niliuandika mwaka ambao shamba la mama kule Buigiri halikutoa hata debe moja. Aliyekulia huku anaujua uso wa mtu anayelitazama wingu likipita, kwa hiyo ubeti huo sijawahi kulazimika kuufafanua kwa mtu yeyote Dodoma.

Kuna jambo lilinitesa miaka miwili kabla sijalielewa. Kiswahili kinatia mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kiingereza mara nyingi kinafunga mstari kwa silabi yenye mkazo, na melodi nyingi za bluzi zimekatwa kwa kipimo hicho. Ukiichukua melodi ya namna hiyo na kuishonea maneno yetu, unajikuta unaimba "hujafiKA", na mtu wa Makole, mtaa wa hapa mjini, anasikia mgeni anaongea. Dawa yake ni hii: "fi" iangukie kwenye pigo la kwanza la kipimo, kisha "ka" uiachie iburuzike nyuma yake. Na hapo lugha yetu inakupa zawadi, kwa sababu karibu kila neno linaishia na irabu. Ile "a" ya mwisho unaweza kuishika pumzi nzima, ukaipandisha, ukaivunja, ukaishusha. Mwimbaji wa souli hawezi kuomba zaidi ya hapo. Soma mashairi yako kwa sauti kama unamsimulia jirani, sikiliza mkazo unapoanguka, ndipo ushike gitaa.

Sasa zeze, ala ya nyuzi inayopigwa kwa upinde. Baba yangu mdogo analo la nyuzi mbili, lenye kibuyu. Jioni moja nilitega gitaa langu kwa sauti yake, A kwa A, tukaanza kupiga pamoja. Tulikwenda vizuri mpaka tulipofika kwenye ile sauti ya saba ya ngazi, iliyoshushwa. Gitaa langu lilisema G. Zeze lake, na koo lake, vilisema kitu kilicho chini ya G. Nilidhani amekosea. Akanitazama, akarudia palepale, mara tatu, bila kusogea hata unywele.

Nilikuja kujifunza baadaye kwamba ngazi ya sauti ya Wagogo inafuata sauti za asili zilizomo ndani ya uzi mmoja unapolia, na ile ya saba ya asili iko senti 31 chini ya ile ya kwenye gitaa. Hatua moja ya gitaa, kutoka kibati hadi kibati, yaani vile vyuma vilivyokata shingo yake, ni senti 100, kwa hiyo ni karibu theluthi ya hatua. Huko huko chini ndiko waimbaji wa bluzi wanakoivutia ile sauti yao inayoumiza. Sisemi bluzi ilitoka Dodoma. Wengi wa waliouzwa utumwani Marekani walitolewa magharibi mwa Afrika na Afrika ya Kati. Nasema kwamba kama umelelewa na nyimbo za huku, sauti ambayo wenzako wanaitafuta kwa miaka tayari unayo sikioni, na shule ya kinanda isikunyang'anye. Kwenye gitaa, katika A, weka kidole uzi wa pili, kibati cha saba, uvute kuelekea G, usimame kabla hujaifika. Kwa koo, zima gitaa kabisa, imba robo saa kila siku na rekodi ya zeze au ilimba, ala ya Wagogo inayopigwa kwa vidole gumba. Mzee Hukwe Zawose wa kijiji cha Doduma, aliyefariki mwaka 2003, ameacha rekodi nyingi, zikiwemo alizofanya Uingereza kwa lebo ya Real World, anza naye. Na lile tamasha la muziki wa Cigogo la Chamwino usilikose. Nenda ukakae chini usikilize, acha simu mfukoni.

Mdundo wa bluzi nao unachechemea: pigo refu, pigo fupi, refu, fupi. Mimi niliupata miguuni, kwenye kanyagio la cherehani. Jukwaani mchechemeo huo naupata kwa muheme, ngoma ambayo kwetu hupigwa na wanawake wakiibana mapajani. Bendi yetu ni watu watatu: gitaa, besi, muheme. Inaingia kwenye bajaji moja. Ukumbi wa watu arobaini hauhitaji zaidi, na hela ikigawanywa kwa watatu inaonekana.

Sauti itunze kuanzia leo. Kiangazi upepo wa hapa ni mkavu na umejaa vumbi. Kunywa maji mchana kutwa, si dakika kumi kabla ya kupanda jukwaani. Ukiwa huisikii sauti yako kwenye spika, mwambie fundi mitambo akuongeze. Usishindane na spika kwa koo.

Kuhusu kupata kazi: hoteli na baa za hapa zitakuomba kopi, yaani nyimbo za watu wengine, na mimi nakushauri ukubali. Mmarekani Charles Bradley alifanya kazi ya upishi na kupiga kopi za James Brown kwa miaka mingi, na albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 2011 akiwa na miaka 62. Kopi zinafundisha kushika watu. Ila uwe na mpango. Kwenye ukumbi mpya, mwezi wangu wa kwanza hupiga kopi mbili, wimbo wangu mmoja. Nikifikisha miezi mitatu nageuza. Na wimbo wangu siutangazi kwa kuomba radhi, eti "samahani, sasa nitaimba wangu". Nasema ulitungwa wapi, naanza.

Pesa ndiyo imewatoa wengi wenye vipaji kwenye kazi hii, kwa hiyo nitakueleza lililonipata. Mwaka wangu wa tatu, hoteli moja hapa mjini ilikubaliana nami kwa mdomo laki moja na nusu. Tuliimba kwa muda wa saa tatu. Saa sita usiku msimamizi akanikabidhi elfu sitini, akasema wageni walikuwa wachache. Mpiga muheme wangu alikuwa na mtoto mgonjwa nyumbani, na hela ile alikuwa ameshaipigia hesabu ya dawa. Nilimpa yote. Tangu siku hiyo siendi popote bila ujumbe wa maandishi, hata wa WhatsApp: tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, kiasi, nani analeta mitambo, chakula cha watu wangapi, na kwamba wingi wa wageni haubadilishi malipo. Nusu inaingia kwenye simu kabla vyombo havijapakiwa. Msimamizi akikataa kianzio, mshukuru, mtafute mwingine.

Bei usiitaje kabla ya kuuona ukumbi. Piga hesabu ya bajaji kwenda na kurudi usiku, wenzako, nyuzi za gitaa, na mazoezi mawili, ndipo uweke chako juu. Watu wanaotaka kukutunza kwa hela ukiimba siku hizi hawana noti mfukoni, kwa hiyo andika Lipa Namba yako kwa herufi kubwa, uiweke mbele ya jukwaa. Kuna usiku fedha za kutunzwa zimezidi malipo yenyewe.

Uujue pia mwaka wa Dodoma. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni Bunge la bajeti linakaa, hoteli zinajaa, na kila ukumbi unataka muziki laini wa jioni. Mwezi Februari mimi tayari nimeshapita kugonga milango. Januari hakuna shoo, wazazi wanalipa ada na kununua sare. Na sare ndizo ninazoshona. Sijawahi kuona aibu kuwa na cherehani. Ndiyo inayoniwezesha kukataa kazi mbaya, na ushauri wangu ni uwe na yako, ya namna yoyote, isiyokula usiku wako.

Makaratasi usiyaahirishe. Jisajili BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, ukikwama, Afisa Utamaduni wa halmashauri atakuelekeza. Sajili nyimbo zako COSOTA, ofisi ya hakimiliki, moja moja, na jina la kila aliyetunga. Chukua TIN, namba ya mlipakodi, maana hoteli kubwa na ofisi zitakuuliza kabla ya kulipa.

Studio, ingia ukiwa umeiva. Sisi hurekodi watatu kwa pamoja, chumba kimoja, tunatazamana, kwa sababu bluzi iliyokatwakatwa vipande inakufa. Kabla ya kulipa sehemu ya mwisho, omba kila ala na kila sauti katika faili lake, kwenye flashi yako, hapohapo. Prodyuza mmoja alinibakizia nyimbo nne kwenye kompyuta iliyoungua, na sikuwa na chochote mkononi. Siku hiyohiyo andikeni pia, kabla hamjatoka, nani ametunga maneno, nani melodi, na kila mmoja ana asilimia ngapi. Kuuweka wimbo mtandaoni ndiyo sehemu nyepesi: kuna wasambazaji wa kulipia kwa mwaka wanaoupeleka Boomplay, Audiomack, Spotify na kwingineko. Hela yake mwanzoni ni ndogo. Kazi yake ni kumfanya mwenye ukumbi akusikie kabla hajakuona.

Ukishakuwa na video safi ya dakika kumi, mnapiga laivu bila kuongezea kitu, omba matamasha. Sauti za Busara ya Zanzibar hufanyika kila Februari na inataka muziki wa laivu, kwa hiyo bendi ndogo ya muheme na gitaa ina nafasi ya kusikilizwa. Na tangu treni ya SGR ilipofika Dodoma mwaka 2024, shoo ya Dar imekuwa ya kwenda na kurudi bila kupoteza siku mbili barabarani.

Ukitaka nikusikilize, njoo Jumatatu asubuhi kabla ya saa nne, kibandani kunakuwa kimya. Njoo na wimbo mmoja tu, uliomalizika. Gitaa lipo, limening'inia nyuma ya mlango, na mimi nitakuwa nakanyaga cherehani. Ingia kwenye mdundo ukiwa tayari.