Pima petroli kabla ya kugusa kompyuta

Gari likikohoa turbo ikisukuma, usikimbilie ramani, yaani jedwali la kompyuta linalopanga kiasi cha petroli. Anza na petroli yenyewe.

Niliwahi kuletewa Mazda RX-7, gari la injini ya rota, hapa Changamwe, Mombasa, ile yenye injekta (vinyunyizio vya petroli) za kwanza mbili za 550 cc kwa dakika na za pili mbili za 850. Mwenyewe alishaambiwa anunue pampu mpya. Nikafunga geji ya presha kwenye reli, bomba linalogawa petroli kwa injekta. Mpira wa vakyumu wa regaleta, kidhibiti presha ya petroli, ukichomolewa, baa 3, sawa. Lakini turbo ikisukuma baa 0.8 geji lazima isome 3.8, maana regaleta hupandisha presha kwa kiasi hichohicho. Ikasoma 3.1, na bado inashuka. Nikapima umeme kwenye plagi ya pampu penyewe: volti 10.9, na betri ina 13.8! Chini ya zulia la buti, waya wa hasi umeliwa na chumvi, umekuwa kijani, ukiushika unamwaga unga. Hewa yetu ya bahari hiyo. Waya mpya mnene pamoja na rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), presha ikasimama. Pampu ilikuwa nzima.

Hapo ndipo ufungue ramani. Injekta za pili ziingie kabla za kwanza hazijapita asilimia 80 ya muda wao wa kufunguka, tena kidogo kidogo, si kwa mpigo. Gari likishtuka palepale zinapoingia, kagua muda wa kuchelewa kufunguka: za 850 zina wake, usinakili wa 550. Mchanganyiko ukikosa petroli turbo ikisukuma, ondoa mguu papo hapo, sili za rota zinaweza kuvunjika kwa mlipuko mmoja tu.