SOMO: Hospitali kujiandaa kwa shambulio la vimelea

Mwaka 1984, mjini The Dalles, Oregon, Marekani, watu 751 waliharisha baada ya kundi la kidini kutia salmonela, bakteria wa kuharisha, kwenye saladi za mikahawa. Mwanzoni lawama ziliwaangukia wapishi. Ukweli ulijulikana mwaka uliofuata. Kwa hiyo somo naanzia mapokezi, si kwenye mavazi ya kujikinga ambayo wengi huyakimbilia.

1. Mapokezi. Anayeandika daftari ashtuke akiona watu wenye siha wanaugua vibaya kwa mpigo, nao wametoka sehemu moja. Awe na namba ya kupiga hata saa nane usiku, bila kuomba ruhusa ya mtu.

2. Tenga kabla ya kujua. Kimeta cha mapafu hakitoki kwa mtu hadi mtu, tauni ya mapafu hupita kwa matone, ndui hata kwa hewa. Hujui ni kipi? Chukulia ni cha hewa: mgonjwa avae barakoa, chumba chake peke yake, mlango ufungwe. Vipele vya ndui huwa vya rika moja na hujaa usoni, mikononi na miguuni, hadi viganjani. Vya tetekuwanga hujaa kifuani na mgongoni. Navyo si vya rika moja: hiki kibichi, kile kimeshakauka.

3. Sampuli. Ipigie maabara simu kwanza, wasije wakafungua chombo kizembe. Kila anayeipokea asaini, maana ni ushahidi pia.

4. Dawa. Hapa ndipo hospitali nyingi huelemewa. Barua zilizotiwa unga wa kimeta mwaka 2001 huko Marekani ziliwaugulisha watu 22, na 5 kati yao wakafa, lakini walioshauriwa kumeza antibayotiki kwa siku 60 walifika kama 10,000. Mbegu za kimeta huweza kulala mapafuni kwa wiki kadhaa. Basi panga foleni ya famasi kabla ya vitanda.

MASWALI

– Dokta, mtu akimwagikiwa unga wa kutiliwa shaka, tumpulizie klorini?
Hapana, klorini ni ya sakafu. Avue nguo polepole bila kuzikung'uta, zifungwe mfukoni, kisha aoge kwa maji na sabuni.

– Sisi hatuna chumba chenye mashine ya kunyonya hewa.
Tumieni cha pembeni, dirisha lifunguke nje pasipopita watu. Mlango wa koridoni usiachwe wazi hata kidogo.

– Nikimuuguza mgonjwa wa kimeta, nami nimeze dawa?
La, kama hukukutana na unga wenyewe. Ila ukifunga kidonda chake, vaa glovu.