Kabla hujakiamini kipima hewa chumbani kwako

Watu wengi sasa wananunua vipima hewa vya mezani, hasa wenye watoto wa pumu. Vizuri. Ila kabla hujatoa pesa, soma kinapima nini. Vingi vinapima vumbi laini tu, PM2.5, chembe zinazopita puani mpaka ndani kabisa ya mapafu. Shirika la Afya Duniani tangu 2021 linataka wastani wa saa 24 usizidi mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo. Fukiza udi chumbani uone namba inavyoruka.

Kiweke mnapolala, si dirishani. Masika usizichukue namba zake kama zilivyo, maana chembe zikinywa unyevu huvimba na kifaa hudhani vumbi limezidi.

Sasa nisikilizeni kwenye makaa.

Mdogo wangu alijifungua wakati wa masika, akawa kwa mama, Chake Chake, kumaliza arobaini. Mimi ndiye niliyepeleka kipima hewa chumba cha mzazi, nikawaambia wote kuwa taa ikiwa ya kijani hewa ni salama. Jioni tulipofukiza udi ikawa nyekundu, tukafungua madirisha mpaka ikarudi kijani. Usiku mvua ikazidi, mama akaleta seredani. Makaa yalikuwa yameshakolea, mekundu, yamevaa jivu jeupe, hayana hata uzi wa moshi. Tukafunga madirisha mtoto asipigwe na baridi. Nikaangalia taa, kijani. Nikaenda kulala chumba cha pili.

Alfajiri nikasikia kishindo. Mdogo wangu aliinuka kwenda chooni, miguu ikamkataa. Kichwa kinampasuka, anatapika. Nilipomnyanyua mtoto alikuwa amelegea kama kitambaa kibichi, halii. Na pale mezani taa bado ya kijani.

Hospitali walimbana kidole na kile kipimo cha oksijeni, kikasoma 98, tukaambiwa ni uchovu wa uzazi. Mama ndiye aliyesema, "Mwanangu, hawa wamelala na moto." Daktari aliposikia hivyo tu akaagiza oksijeni kwa wote wawili. Walipona, alhamdulillahi.

Makaa yaliyokolea hayana moshi, lakini yanatoa kaboni monoksaidi, CO, hewa isiyo na rangi wala harufu. Inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kipima vumbi hakiioni kabisa. Kipimo cha kidoleni nacho hudanganyika, kwa sababu damu iliyobeba CO ni nyekundu kama iliyobeba oksijeni. Kwa hiyo ukifika hospitali sema mwenyewe, tena mapema, kuwa mlilala na moto. Ukivuta hewa ya kawaida, nusu ya CO hutoka mwilini kwa saa nne hadi tano. Kwa oksijeni safi ni kama saa moja na nusu.

Nunua kengele ya CO, peke yake, hata kama kipima vumbi unacho. Usiichanganye na kipima CO2, yaani kaboni dioksaidi, hewa tunayoitoa tukipumua. Hicho kinakuambia tu chumba kimekosa upepo: nje ni kama sehemu 420 kwa kila milioni ya hewa, ndani ikipita 1000 fungua madirisha. Angalia tarehe nyuma ya kengele, maana huchoka baada ya miaka 5 hadi 10, na ubonyeze kitufe cha kujaribia kila wiki. Bakuli la maji kando ya jiko halinyonyi CO, tuliache hilo. Seredani ibaki nje. Maji ya kumkanda mzazi yachemshiwe huko huko, yaingizwe ya moto.

Jenereta pia hutoa CO. Umeme ulipokatika Unguja kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010, watu walizoea kuliweka kibarazani, chini ya dirisha, na wengine wanaendelea hivyo hadi leo. Lisogeze mbali na nyumba, yako na ya jirani. Dawa ya mbu ya kuchoma usiiache ikiwaka usiku kucha chumba kimefungwa. Na wawili wa nyumba moja wakiamka na kichwa kinauma, kisha wakitoka nje wapate nafuu, usingoje kengele ilie. Toeni watoto kwanza.