SOMO: Kurekodi wimbo nyumbani kwa kompyuta ya kawaida, kuanzia kuchagua programu hadi faili la mwisho

Somo hili ni la mtu mwenye kompyuta mpakato, chumba kimoja na wimbo kichwani. Tutarekodi sauti na gitaa, au sauti juu ya biti iliyokwisha kutengenezwa, maana hizo ndizo kazi ambazo wengi wetu tunazifanya nyumbani.

Hatua ya 1: Taja kazi, ndipo uchague programu

Watu wanabishana kuhusu programu kama wanavyobishana kuhusu Simba na Yanga, wakati kila moja ilitengenezwa kwa kazi yake.

FL Studio inatoka Image-Line ya Ubelgiji. Ilianza miaka ya 1990 kwa jina la FruityLoops, ikiwa ya kupanga midundo tu, na mpaka leo raha yake iko hapo. Kama unajenga singeli ya mapigo 200 na zaidi kwa dakika, kila kitu ndani ya kompyuta, chukua hiyo, usihangaike na ushauri mwingine. Ila matoleo yake hayafanani. Kabla hujalipa, hakikisha toleo unalonunua linarekodi sauti kwa maiki.

Audacity ilitoka mwaka 2000 na ni bure. Kurekodi shairi, kunasa mahubiri, kukata kikohozi katikati ya mahojiano: hapo sina cha kukushauri zaidi yake. Lakini kujenga humo wimbo wa traki 15 (traki ni mstari wa sauti moja) zenye kinanda cha MIDI, yaani kinachoipa kompyuta noti badala ya sauti, ni kujitafutia tabu.

Mwenye Mac au iPhone anayo GarageBand bila malipo, na kwa wimbo wa kwanza inatosha kabisa. Mwenye Android aanze na BandLab, nayo ni bure.

Kwa kurekodi sauti halisi kwenye Windows, mimi nachagua REAPER. Mtengenezaji wake ni Justin Frankel, yuleyule aliyetupa Winamp enzi za kusikilizia MP3 kwenye kompyuta za ofisini. Faili lake la kusakinisha ni dogo, halitamaliza bando lako. Unaijaribu siku 60 bila kufungiwa kitu, na leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Hatua zinazofuata zinatumia REAPER, ingawa mantiki ni ileile kwenye programu nyingine.

Kuhusu programu zilizokrakiwa, yaani zilizovunjwa kufuli zitumike bila kulipiwa: najua kwa nini zinapendwa. FL Studio ya majaribio inakuruhusu kuhifadhi mradi, lakini kuufungua tena vizuri mpaka ununue. Bado sikushauri. Mafaili hayo hupitia mikononi mwa watu usiowajua, mengi yanakutaka uzime kinga ya virusi kwanza, na siku programu ikigoma katikati ya kazi ya mteja huna wa kumuuliza. Ukiipenda FL, nunua mara moja. Masasisho yake ni bure maisha yote.

Hatua ya 2: Maiki na chumba

Maiki za kondensa husifiwa kwa kunasa kila kitu, na hilo ndilo tatizo lake kwenye nyumba zetu: inanasa feni, jogoo, bodaboda na mazungumzo ya jirani. Maiki ya dainamiki, ya aina ya SM58 unayoiona mikononi mwa waimbaji jukwaani, inashika zaidi kilicho karibu na mdomo. Ukiamua kuchukua kondensa ya waya wa XLR, kumbuka inahitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye kadi ya sauti ya nje, kile kisanduku kinachounganisha maiki na kompyuta. Ya USB inachomekwa moja kwa moja.

Chumba kizuri ni kile chenye kitanda, godoro, mapazia mazito na kabati la nguo lililoachwa wazi. Sebule yenye vigae na kuta tupu inarudisha mwangwi, na mwangwi ukishaingia kwenye rekodi hautoki kirahisi. Zima feni na friji. Paa la bati na mvua haviendi pamoja. Siku hiyo fanya uhariri.

Herufi za "p" na "b" zikipasua maiki, wamba soksi ya nailoni kwenye duara la waya, uiweke kati ya mdomo na maiki.

Hatua ya 3: Andaa mradi kabla ya kuimba

Fungua folda moja kwa wimbo mmoja. Hili nalisisitiza kwa sababu faili la mradi la REAPER halina sauti ndani yake, lina maelekezo tu. Sauti zenyewe ni mafaili ya WAV yaliyokaa pembeni. Ukinakili faili la mradi peke yake kwenye flashi, umebeba ganda. Wakati wa kuhifadhi, weka tiki kwenye chaguo la kunakili mafaili yote ya sauti ndani ya folda ya mradi. (Audacity tangu toleo la 3.0 la mwaka 2021 inaweka kila kitu ndani ya faili moja, kwa hiyo huko hofu hii imepungua.)

Bonyeza Alt+Enter kufungua mipangilio ya mradi, weka 48,000 Hz (mara ambazo sauti inapimwa kwa sekunde), na kwenye ukurasa wa kurekodi chagua WAV ya biti 24 (24-bit, si biti ya muziki). Traki moja ya mono kwa kipimo hicho inakula takriban MB 8.6 kwa dakika. Wimbo wa dakika nne wenye traki kumi ni kama MB 350, bila kuhesabu marudio. Kagua nafasi kwenye diski.

Weka pia kasi ya wimbo hapo hapo, kabla ya kuingiza biti. Ukibadilisha kasi baadaye, biti inaweza kuvutwa na kila kitu kikapishana. Muulize prodyuza mapigo ni mangapi kwa dakika, na umwombe WAV badala ya MP3. Ukipiga chakacha weka 6/8, la sivyo mlio wa metronomu utakupotosha.

Hatua ya 4: Rekodi

Ctrl+T inaleta traki mpya. Bonyeza kitufe chekundu cha traki hiyo, chagua mlango wa maiki, kisha imba sehemu yenye kelele kuliko zote katika wimbo. Rekebisha kwa kitasa cha kadi ya sauti mpaka kilele kiguse karibu na desibeli -10, kisivuke -6. Ukigusa 0 sauti inakatika vichwa, na hakuna dawa ya kweli. Usiogope rekodi kuwa ya chini. Kwa 24-bit utaipandisha baadaye bila kuleta mvumo.

Vaa hedifoni za waya. Spika zikiwa wazi, biti itaingia kwenye maiki na hutaweza kuitenganisha kirahisi.

Ctrl+R inaanza, spesi inasimamisha. Imba wimbo wote mara tatu kabla hujaanza kurudia mstari mmoja mmoja. Mwimbaji anayesimamishwa kila neno anachoka, na uchovu huo unasikika. Mkishamaliza ndipo mchague: ubeti wa kwanza kutoka rekodi ya pili, kiitikio kutoka ya tatu. Kompyuta iwe na betri iliyojaa. Umeme ukikatika uendelee.

Hatua ya 5: Kata, changanya, toa

S inakata kipande mahali ulipo. Kwenye sauti, tumia plagini (programu ndogo za ndani) za REAPER: ReaEQ kuondoa ngurumo iliyo chini ya Hz 80 hivi, kisha ReaComp, inayopunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo, kwa upole. Mwangwi wa kupamba uweke kwenye traki yake, sauti zote ziutumie huo mmoja. Sikiliza kwa sauti ndogo, kisha kwa simu, kisha kwenye redio ya gari. Kama maneno hayasikiki kwa simu, punguza biti kabla ya kupandisha sauti.

Ctrl+Alt+R inatoa faili. Toa WAV ya kutunza na MP3 ya kurushia marafiki. Usibane wimbo mpaka upige kelele kuliko wote: Spotify husawazisha nyimbo karibu na -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti unavyosikika), kwa hiyo uliyempita kwa nguvu mtakutana hapo.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Mwanza: Mkuu, laptopu yangu ina RAM ya GB 4 tu. Nikifika traki ya nane inakwama.

Jibu: Kurekodi sauti hakuli RAM sana, kinachokula ni plagini. Traki uliyomaliza kuihariri igandishe: amri ya kugandisha inageuza traki na plagini zake kuwa sauti tupu, na ukitaka unairudisha. Funga kivinjari pia. Kurasa kumi za intaneti ni nzito kuliko wimbo wako.

Kutoka Mombasa: Hujambo mwalimu. Mimi nikiimba najisikia kwa kuchelewa kidogo, nachanganyikiwa.

Jibu: Sijambo, ndugu yangu. Hiyo ni bafa, yaani kiasi cha sauti ambacho kompyuta inakusanya kabla ya kukichakata. Bafa ya 1024 kwa Hz 48,000 ni kama milisekunde 21 kwa njia moja, na sauti inakwenda na kurudi. Shusha hadi 128, ambayo ni chini ya milisekunde tatu. Utahitaji draiva ya ASIO ya kadi yako, yaani programu inayopitisha sauti kwa haraka kati ya kadi na kompyuta ya Windows. Kama haina, sakinisha ASIO4ALL. Kadi nyingi zina pia kitufe cha kujisikia moja kwa moja bila kupita kwenye kompyuta. Ukikitumia, zima usikilizaji wa ndani ya REAPER usijisikie mara mbili. Wakati wa kuchanganya rudisha bafa juu.

Kutoka Tanga: Naweza kuchomeka maiki mbili za USB, moja ya gitaa na moja ya sauti?

Jibu: Kwa mkato, hapana. Kila maiki ya USB ina saa yake ya ndani, na saa hizo hazilingani kikamilifu. Kadiri wimbo unavyokwenda zinaachana. Rekodi gitaa kwanza, sauti baadaye. Ukitaka pamoja, pata kadi moja yenye milango miwili.

Kutoka Zanzibar: Shikamoo. Tunarekodi taarabu, kwa ala za udi na kanuni. Kijana anataka kuweka otojuni, programu ya kunyoosha sauti, kwa mwimbaji, mimi moyo unasita.

Jibu: Marahaba. Moyo wako uko sahihi. Programu hizo kwa kawaida huvuta kila sauti kwenda kwenye noti 12 za kinanda. Maqamu (ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu) kama Rast na Bayati zina sauti zinazokaa katikati ya noti hizo, na otojuni ikizivuta mwimbaji atagongana na udi. Kwa wimbo wa aina hiyo izimeni. Neno lililoteleza kweli, mwambieni aliimbe tena.

Kutoka Dodoma: Kaka yangu yuko Toronto, anapiga gitaa la solo. Tunatumianaje bila vitu kupishana?

Jibu: Mtumie miksi ya WAV inayoanzia sekunde ya sifuri, pamoja na kasi ya wimbo na kipimo cha Hz 48,000. Naye akimaliza atoe gitaa peke yake, bila mwangwi, kuanzia sekunde hiyohiyo ya sifuri, hata kama anaanza kupiga dakika ya pili. Wewe utalivuta hadi mwanzo wa mradi na litakaa mahali pake. Mwambie asikate ule ukimya wa mwanzoni.