Kuchangisha fedha za gemu ya pili: maneno ya mweka hazina wa Ujiji

Nimeshakuwa mweka hazina wa kamati 12 za harusi hapa Ujiji. Kwa hiyo mdogo wangu aliponijia akitaka tuchangishe fedha za sehemu ya pili ya gemu yetu ya kompyuta, sikumuuliza hadithi inaendeleaje. Nilimuuliza kaunta buku ya sehemu ya kwanza iko wapi.

Anzia hapo. Mgeni hachangii sehemu ya pili ya kitu asichokijua. Anayechangia ni yule aliyeimaliza ya kwanza. Yetu ni gemu ya mtindo wa kale: nchi unaitazama kutoka juu kwa mshazari, unaongoza wasafiri sita, mapigano ni ya zamu kwa zamu, na kusoma ni kwingi kuliko kupigana. Msafara unatoka ziwani kwenda Unyanyembe, kule Tabora, kupitia pori linalokaliwa na majini. Tuliiuza shilingi 5,000, nyingi kwenye flashi pale Mwanga, na kila aliyenunua niliandika namba yake. Zilikuwa namba 212. Tuliwapigia wote, mmoja mmoja, kwa swali moja tu: uliishia wapi? Waliofika pambano la mwisho walikuwa 63. Kamati yetu ikawa hao, na lengo tukalipima kwa mifuko yao.

Usidanganywe na habari za wakubwa. Studio ya Obsidian ya Marekani ilipochangisha kwa ajili ya gemu ya Pillars of Eternity mwaka 2012, walijitokeza watu zaidi ya 73,000 na karibu dola milioni 4. Sehemu ya pili, Deadfire, waliipeleka kwenye Fig, jukwaa la kuchangisha mtandaoni, mwaka 2017. Fedha zilipita milioni 4.4, lakini watu walikuwa 33,000 na ushee. Fig iliruhusu watu kuwekeza ili wagawiwe mapato, na sehemu kubwa ya fedha ilitoka kwa hao. Mimi na wewe hatuna wawekezaji. Piga hesabu ukijua kwamba nusu ya watu wa mwanzo hawatarudi.

Sasa bajeti. Yetu ilikuwa hivi: mchoraji miezi minane kwa 350,000, jumla 2,800,000. Wapiga ngoma na kurekodi, 600,000. Kompyuta iliyotumika, ya kujaribia gemu, 900,000. Umeme na intaneti, 700,000. Hapo ni milioni tano. Tukaongeza moja ya makato na zawadi. Umeona kinachokosekana? Hatukuandika posho ya mdogo wangu, anayeandika programu yote. Mwezi wa tano njaa ilimpeleka kufunga kamera za ulinzi madukani, gemu ikalala wiki sita. Mwandike fundi wako, hata kama mmenyonya ziwa moja.

Ahadi nayo ina hesabu yake. Kickstarter, jukwaa jingine la kuchangisha mtandaoni, huikata kadi ya mtu pale tu lengo linapotimia ndani ya muda. Lisipotimia, hakuna anayetozwa. Likitimia, jukwaa huchukua asilimia 5, mbali na makato ya malipo. Lakini mkazi wa Tanzania hawezi kufungua mradi pale. Ukiwa na ndugu Uingereza anayeweza kufungua, basi awe mshirika wa kweli wa kazi, kwa sababu mkataba na kodi vitamwangukia yeye. Sisi tulibaki nyumbani na Lipa Namba. Kwa siku 20 tulipokea ahadi tupu, bila senti. Harusini nimezoea ahadi nne kuleta tatu, kwa hiyo kwa lengo la milioni 6 nilisubiri ahadi zifike milioni 8 ndipo nikasema toeni, siku saba. Zikaingia 5,710,000. Kwa kilichopungua, tuliondoa ngoma za mji mmoja wa ndani ya gemu, na kila mchangiaji akaambiwa ni mji upi.

Zawadi zisiwe fulana. Fulana ina saizi, ina nauli ya basi, na ina mtu atakayelalamika rangi. Mpe mtu nafasi ndani ya gemu. Mama mmoja muuza migebuka wa Kibirizi alitoa 50,000 ili awe mfanyabiashara ambaye hapunguzi bei hata ukimwokolea mwanawe kwenye mdomo wa joka. Kumwandika kulinichukua jioni mbili, nikicheka peke yangu. Ndiyo maana nafasi hizo nilizifunga zilipofika 25: kila moja ni maneno ya kuandikwa.

Na fedha zikianza kumiminika, funga mdomo. Gemu ya Torment: Tides of Numenera ilichangiwa zaidi ya dola milioni 4 mwaka 2013, ikaahidiwa kutoka Desemba 2014. Ilitoka Februari 2017, na baadhi ya yaliyoahidiwa hayakuwemo, tafsiri ya Kiitaliano ikiwa mojawapo. Waliochangia walikasirika, na mimi ningekasirika. Mdogo wangu siku ya tisa alitaka kutangaza meli ya kuzunguka ziwa zima. Nilimnyang'anya simu hadi jioni.

Baada ya hapo ni taarifa tu. Kila Ijumaa napiga picha ukurasa wa kaunta buku, matumizi na salio, nautuma kwa wote kama ulivyo, hata ukiwa na doa la mawese. Ijumaa iliyopita ulikuwa na mstari mmoja: betri ya kompyuta, 85,000. Mchangiaji wa Kasulu akapiga simu kabla ya magharibi kuuliza kwa nini hatukununua ya 60,000. Nilimtumia risiti, na namba ya duka.